Barua ya Wazi kwa Wenye Manchester United: Mnanunua Mkesha wa Sikukuu

Dar es Salaam,
14 Julai 2025.

Kwa Sir Jim Ratcliffe,
Kwa Joel Glazer, Avram Glazer na ndugu zenu,
Nakala kwa Omar Berrada na Jason Wilcox.

YAH: KUCHELEWA KWENU SOKONI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeona niwaandikie sasa, katikati ya Julai, kwa sababu Agosti ikifika shabiki wa Manchester United huwa hana utulivu wa kuandika barua. Agosti ni mwezi wa kutukana na kuzima simu. Sasa hivi bado tunaongea kama watu wazima.

Hali ilivyo leo ni hii. Matheus Cunha amekuja kutoka Wolves. Kijana Diego León amekuja kutoka Paraguay, naye ana miaka 18, tumwache akue. Bryan Mbeumo wa Brentford mlianza kumtaka tangu mwanzoni mwa Juni na mpaka naandika hajaja. Kipa hakuna. Mshambuliaji wa kati hakuna. Kiungo hakuna. Wachezaji wamesharudi mazoezini Carrington, Jumamosi hii mnacheza na Leeds kule Stockholm, kisha mnapanda ndege kwenda Marekani, na tarehe 17 Agosti Arsenal anabisha hodi Old Trafford.

Na timu inayosubiri hao watu ni ile iliyomaliza ligi nafasi ya 15, pointi 42, mabao 44 katika mechi 38. Rasmus Højlund alifunga manne kwenye ligi, Joshua Zirkzee matatu. Mlipokwenda Bilbao tarehe 21 Mei kutafuta heshima kwenye fainali ya Europa, mkafungwa bao moja na Tottenham, timu iliyomaliza ya 17. Yaani kwenye ligi nzima walikuwepo watu wachache waliokuwa chini yetu, na mmoja wao ndiye aliyetunyang'anya kombe.

Wengi wakiwaandikia huanza na ubahili wenu. Mimi sitaanza huko, nitakuwa mwongo. Tangu Sir Alex Ferguson aondoke mmemwaga pesa ambazo klabu nyingine zingejengea timu mbili. Kuhusu namna familia ya Glazer ilivyoinunua klabu mwaka 2005 kwa pauni milioni 790, kisha sehemu kubwa ya deni ikabebeshwa klabu yenyewe, nina maneno, lakini hayo yana barua yake. Leo nina jambo moja tu. Mnachelewa kwa sababu hamjui mnachotaka, na kuchelewa huko, ambako mnakuita umakini, ndiko kunakowafanya mlipe kuliko watu wote.

Nendeni mnada wa Pugu mkesha wa Idi mkaulize bei ya mbuzi. Mbuzi ni yuleyule aliyekuwa hapo wiki mbili nyuma, hakuongezeka hata kilo. Aliyebadilika ni muuzaji. Amekutazama usoni, ameona jasho, anajua wageni wako wanakuja kesho asubuhi na huwezi kuwapa maharage. Hapunguzi hata mia. Na mara nyingi mbuzi aliyebaki ni yule ambaye wenzako walimfungua mdomo, wakamwangalia meno, wakaenda zao. Hivyo ndivyo mlivyokuwa mnanunua wachezaji kwa miaka kumi na miwili.

Tulilijua hilo kiangazi cha 2013. Ferguson kaondoka na ubingwa wa 20, David Gill naye kaondoka kiangazi hichohicho, Ed Woodward kashika usukani ofisini na David Moyes kakaa kwenye benchi. Timu ikiwa ziarani Australia mwezi Julai, klabu ikatangaza kwamba Woodward ameacha msafara kwenda kushughulikia jambo la dharura la usajili. Kijiweni kwetu hakuna aliyelala vizuri wiki ile. Mmoja alisema ni Fàbregas, mwingine Bale, na wapo walioapa kabisa kwamba Ronaldo anarudi. Barcelona wakakataa madau ya Fàbregas. Athletic Bilbao wakagoma kumwachia Ander Herrera chini ya bei iliyoandikwa kwenye mkataba wake. Usiku wa mwisho, tarehe 2 Septemba, akatua Marouane Fellaini kwa pauni milioni 27.5.

Sina ugomvi na Fellaini. Alitufungia mabao ya kichwa tuliyoyashangilia kama ya mtu mwingine yeyote. Ila mkataba wake na Everton ulikuwa na kipengele cha kumwachia kwa pauni milioni 23.5, na kipengele hicho kiliisha mwishoni mwa Julai. Moyes alikuwa amemfundisha mtu huyu kwa miaka. Chini ya jua hakukuwa na kocha aliyemjua kuliko yeye. Mlihitaji mwezi mzima wa Agosti kufikiria nini? Mlilipa milioni nne zaidi kwa mchezaji yuleyule, mwenye nywele zilezile, na akaja wakati ligi imeshaanza. Msimu ule tulimaliza wa saba tukiwa mabingwa watetezi, na Moyes hakuuona mwezi Mei akiwa kazini.

Mwaka uliofuata, 26 Agosti 2014, mlimsajili Ángel Di María kwa pauni milioni 59.7, rekodi ya Uingereza wakati ule. Siku hiyohiyo timu ilichapwa 4-0 na MK Dons wa daraja la tatu kwenye Kombe la Ligi. Alikaa msimu mmoja, akaenda Paris. Mwaka 2015 ikawa zamu ya karatasi za David de Gea, zilizotumwa Madrid usiku wa mwisho zikafika dirisha limeshafungwa, halafu klabu mbili kubwa kuliko zote duniani zikatoa matamko ya kulaumiana kuhusu dakika na mafaili. Ile tuliicheka, nakiri, kwa sababu kipa alibaki. Ni mara moja pekee ambayo uzembe wa ofisi umetuletea furaha, na hata hivyo haukuwa wa ofisi yenu peke yake. José Mourinho mwaka 2018 aliomba beki wa kati kiangazi kizima, hakupewa, Desemba akafukuzwa. Mwaka uliofuata mkamnunua Harry Maguire kwa pauni milioni 80, bei ambayo hakuna beki aliyewahi kulipiwa, siku sita kabla ya mechi ya kwanza. Kumbe beki alihitajika.

Lakini mwaka ambao mashabiki hatuusahau ni 2022.

Erik ten Hag alikuja kutoka Ajax na jina moja mdomoni: Frenkie de Jong. Mkakaa mlangoni kwa Barcelona Juni nzima, Julai nzima. Bei mkaelewana, maana Barcelona walikuwa na njaa ya pesa. Ila mwenyewe hakutaka kuondoka, na alikuwa anaidai klabu yake mishahara aliyokubali kuiahirisha. Mtu asiyetaka kuja hutambulika wiki ya kwanza. Hapokei simu zako kwa furaha, wakala wake anaongea mafumbo, magazeti ya kwao yanasema hatoki. Ninyi mliendelea kusubiri hadi ligi ikaanza. Tarehe 7 Agosti Brighton wakatufunga 2-1 nyumbani. Tarehe 13 Agosti tukaenda Brentford, na ndani ya dakika 35 tulikuwa tumekula nne. United ilikuwa mkiani mwa msimamo, ya mwisho kabisa. Niliona mtu mzima anapiga picha ule msimamo kwenye televisheni ili awaonyeshe watoto wake.

Hapo ndipo mlipokwenda mnadani na jasho. Chini ya wiki moja baada ya Brentford mlikuwa mmeelewana na Real Madrid kuhusu Casemiro, mtu wa miaka 30, kwa pauni milioni 60 na nyongeza juu yake. Kisha Antony kutoka Ajax kwa euro milioni 95, na nyongeza nyingine milioni tano. Angalieni vizuri hapo. Ten Hag alimfundisha Antony mwenyewe Ajax, kama Moyes alivyomfundisha Fellaini Everton. Kwa mara ya pili kocha alikuja na mchezaji anayemjua mpaka saizi ya viatu, na kwa mara ya pili mkamnunua wiki ya mwisho kwa bei ya muuzaji. Ajax walijua yaliyotokea Brentford. Dunia nzima iliyaona. Walichofanya ni kutaja bei na kunyamaza. Antony ametufungia mabao matano ya ligi tangu siku hiyo. Mwaka huu amekwenda Real Betis kwa mkopo akacheza kama mtu aliyefunguliwa minyororo, hadi fainali ya Conference, jambo linaloonyesha kwamba mchezaji mwenyewe hakuwa gunia la mchanga. Alibebeshwa bei isiyo yake.

Casemiro alianza vizuri sana, tuseme haki. Msimu wa kwanza alitubeba, na Kombe la Ligi tulilichukua. Bei ya haraka huwa haionekani siku ya kwanza. Inaonekana baadaye, na kwa Casemiro mimi naikumbuka saa yake kabisa.

Ilikuwa 1 Septemba 2024, saa 12 jioni kwa saa za huku, United na Liverpool, Old Trafford. Nilikuwa kwenye kibanda umiza kilichojaa mpaka watu wamekalia ndoo. Kabla mpira haujaanza, kamera ikamwonyesha Manuel Ugarte. Kiungo mpya kutoka PSG, mlimfuatilia tangu Julai, mkamaliza naye tarehe 30 Agosti, amechelewa kusajiliwa kwa mechi hiyo. Akatembezwa uwanjani, akapungia watu mkono, watu wakampigia makofi, akaenda kukaa. Muuza karanga aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza, "Huyo anacheza?" Tukamwambia hachezi. "Sasa amekuja kufanya nini?" Hakuna aliyemjibu, na hata leo sina jibu.

Dakika ya 35 Casemiro akatoa pasi mbovu, Luis Díaz akafunga. Dakika ya 42 Casemiro akapokonywa mpira, Díaz akafunga tena. Mapumziko akatolewa, akaingia Toby Collyer, kijana wa miaka 20. Salah akamalizia la tatu. Upande wa Liverpool kwenye kile kibanda ulikuwa unaimba jina la Casemiro kwa upendo wa kweli. Nami nikawa namfikiria Ugarte, amevaa vizuri, amekaa mahali pazuri, anatazama kazi aliyonunuliwa kuifanya ikiharibiwa mbele ya macho yake.

Mtanijibu kwamba kwa Ugarte subira ililipa. PSG walikuwa wanataka euro milioni 60 taslimu, mkawashusha hadi 50 na zilizobaki zikawa nyongeza za masharti. Nawapa hilo. Siwezi pia kuapa kwamba Ugarte angewazuia Liverpool, maana wale siku ile wangemfunga yeyote. Lakini pointi za mechi tatu za kwanza zina uzito uleule na za mechi tatu za mwisho, na kwenye mahesabu yenu ya kushusha bei sijaona mahali ambapo pointi hizo zimeandikwa kama gharama.

Mtaniletea pia hoja ya Jadon Sancho. Mwaka 2020 Dortmund walitaka euro milioni 120 na wakawawekea tarehe ya mwisho, 10 Agosti. Hamkutoa. Mwaka uliofuata mkampata kwa pauni milioni 73. Hii ndiyo hoja yenu kubwa na ni kweli mliokoa pesa nyingi. Basi niambieni mlinunua nini. Mlimtaka mwaka mzima, mkampata, halafu ikaonekana hakuna aliyefikiria atacheza wapi. Januari 2024 akarudi Dortmund kwa mkopo, akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kiangazi hiki Chelsea wamekubali kulipa pauni milioni tano ili wasimnunue. Rudieni sentensi hiyo polepole: wamelipa ili wasiwe naye. Bei nzuri ya kitu usichokihitaji bado ni hasara.

Kwa hiyo saa si tatizo lenyewe. Wayne Rooney alisajiliwa siku ya mwisho ya dirisha, 31 Agosti 2004, na mechi yake ya kwanza alimfunga Fenerbahçe mabao matatu. Dimitar Berbatov naye alifika usiku wa mwisho mwaka 2008. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu siku zile mtu akichelewa ulijua amechelewa kwa sababu ya muuzaji, na timu iliyokuwepo ilikuwa inashinda bila yeye. Na palipohitajika haraka, ilikuwepo. Mwaka 2003 timu ilicheza mechi ya kirafiki na Sporting kule Lisbon, kijana mwembamba wa winga akawasumbua mabeki wetu mpaka wachezaji wenyewe wakamwambia Ferguson amchukue. Siku chache baadaye Cristiano Ronaldo alikuwa amemwaga wino kwa pauni milioni 12 na ushee. Ferguson hakuhitaji kikao cha kuelewa alichokiona. Mwaka 1992 Leeds walipiga simu kuulizia Denis Irwin, simu ikaisha kwa Eric Cantona kuja kwetu kwa milioni 1.2. Watu walijua wanachokitafuta, kwa hiyo kilipopita mbele yao walikitambua.

Na mwaka huu mmeonyesha kwamba mnaweza. Cunha alikuwa na kipengele cha pauni milioni 62.5. Mlikilipa, mkaelewana na Wolves wiki ya kwanza ya biashara, mkampa jezi namba 10. Hapo mlifanya kile ambacho Woodward alishindwa kwa Fellaini, na nilifurahi kuliko nilivyofurahia mabao mengi ya msimu uliopita. Lakini furaha hiyo ndiyo imenitia wasiwasi. Inaonekana mnaharakisha pale tu bei inapokuwa imeandikwa na mtu mwingine. Pasipo na bei ya maandishi, mnarudi kwenye tabia.

Tazameni Mbeumo. Mabao 20 ya ligi msimu uliopita. Mchezaji mwenyewe amesema anataka kuja kwetu, wakati Thomas Frank, kocha wake wa Brentford, amehamia Tottenham na angeweza kumfuata huko. Mara ngapi mchezaji wa kiwango hicho anatuchagua sisi katika hali hii, bila Ulaya, nafasi ya 15? Dau la kwanza, kama lilivyoripotiwa, lilikuwa milioni 45 na nyongeza 10. Brentford wakakataa. La pili likavuka 60 ukijumlisha nyongeza. Wakakataa. Sasa mnasogea kidogo kidogo. Brentford si wajinga. Wanajua mnaondoka kwenda Marekani na wanajua mtataka kuondoka naye. Wamewahesabia siku. Bei mtakayomaliza nayo mliijua tangu Juni, na kila mtu aliyewahi kununua chochote anaijua. Tofauti pekee ni kwamba Juni mngempata na wiki sita za kujifunza mfumo wa kocha Ruben Amorim, mfumo ambao wachezaji wake wenyewe tangu Novemba hawajauelewa.

Wiki hizo ni muhimu kwa sababu ambayo huku kwetu tunaiona haraka kuliko ninyi huko. Desemba 21 AFCON inaanza Morocco. Mbeumo ni Mcameroon. Ataondoka, na Amad Diallo ataondoka na Ivory Coast, na Noussair Mazraoui atakuwa anacheza nyumbani kwao. Sisi tutakuwa tunaitazama Taifa Stars kwenye mashindano yaleyale, kwa hiyo msitarajie tuwaonee huruma wiki zile. Mchezaji mtakayemkosa kwa muda katikati ya msimu ndiye mliyestahili kumwahi kuliko wote.

Wenzenu hawakungoja. Liverpool, bingwa, alimaliza na Florian Wirtz tarehe 20 Juni. Manchester City walimleta Tijjani Reijnders na Rayan Cherki kabla hata ya Kombe la Dunia la Klabu. Hao ndio wenye timu tayari. Sisi ambao nyumba imeezuliwa ndio tunaolinganisha bei za mabati. Na hata hapa kwetu, ambako usajili una vituko vyake na sitaki kuwasafisha viongozi wa Simba wala wa Yanga, ikifika Simba Day au Wiki ya Mwananchi majina yanatajwa hadharani, mtu anaitwa anatoka mbio na jezi yake, na shabiki anaondoka uwanjani anajua msimu mpya anao nani. Ninyi mna mapato yanayozidi ya ligi yetu nzima na mashabiki wenu mpaka tarehe 1 Septemba hawajui.

Upande wa kuuza nako ni yaleyale. Marcus Rashford, Alejandro Garnacho, Antony, Sancho na Tyrell Malacia wanatafutiwa pa kwenda, na mmeitangazia dunia nzima kuwa hawamo kwenye mipango. Namba ya Rashford mmeshaigawa. Halafu mnategemea mnunuzi aje na bei nzuri? Mnunuzi anakaa, anakunywa kahawa, anasubiri Agosti 28 aombe mkopo. Mlipochelewa kununua mlilipa, na mkichelewa kuuza mtalipa tena, sasa kwa mishahara ya watu wanaofanya mazoezi peke yao.

Wewe Sir Jim ulilisema hili mwenyewe mwezi Machi. Ulisema klabu ilikuwa inaelekea kuishiwa pesa ifikapo mwisho wa mwaka, na kwamba kiangazi hiki bado mnalipia wachezaji walionunuliwa kabla yako, ukawataja: Antony, Casemiro, André Onana, Højlund, Sancho. Ulikuwa unajitetea, na kwa sehemu ulikuwa na haki. Lakini isome tena ile orodha ukiwa umekaa. Wawili ni wa wiki zile za baada ya kipigo cha Brentford. Mmoja ni wa ule mwaka mzima wa kuvutana. Hizo ni risiti za kuchelewa, na bado zinakuja mezani.

Na risiti hizo zimelipiwa na watu wengine. Mmepunguza wafanyakazi karibu 250 mwaka jana, mwaka huu mkatangaza wengine hadi 200. Mmefuta chakula cha mchana cha bure cha wafanyakazi Old Trafford. Tiketi mkaipandisha hadi pauni 66 katikati ya msimu, hata kwa mtoto na mzee. Sipingi klabu kubana matumizi. Ninachopinga ni kubana sahani ya mpishi huku dirishani mnawaongezea Brentford mamilioni kwa sababu tu hamkutaka kuyatoa Juni.

Najua mtauliza mtu wa Dar es Salaam anahusika vipi na haya. Mwaka 2012 mlipopeleka hisa New York, mliwaambia wawekezaji kwamba United ina wafuasi milioni 659 duniani. Sikumbuki kuulizwa, lakini nadhani nimo. Wafuasi hao ndio mnaowaonyesha kampuni za jezi na za simu mnapotaka pesa. Basi ni haki yetu nasi kuwaonyesha mahesabu. Shabiki wa huku analipa king'amuzi kila mwezi, analipa kiingilio cha kibanda, ananunua jezi hata kama ni ya Kariakoo, na Jumatatu anaenda kazini kuchekwa na mtu wa Arsenal ambaye zamani alikuwa hathubutu kufungua mdomo. Mwaka huu tuna bahati kidogo, CHAN inaanza hapa Dar tarehe 2 Agosti kwa mechi ya Stars na Burkina Faso, kwa hiyo wiki mbili za kwanza tutakuwa na la kushangilia. Baada ya hapo mnarudi mikononi mwetu.

Ninachoomba hakizidi uwezo wenu. Mbeumo apande ile ndege ya Marekani pamoja na wenzake. Ikibidi mtoe milioni tano ambazo mtazitoa tu Agosti, zitoeni wiki hii. Onana amefanya makosa ya wazi misimu miwili na hakuna mtu aliyeyaona isipokuwa sisi na wapinzani wetu, kwa hiyo kama mnataka kipa mpya msingoje afungwe goli la kwanza ndipo mkumbuke. Mshambuliaji wa kati, kama mna jina moja, mlipieni. Kama mna majina matano, kaeni na Amorim chumba kimoja, fungeni mlango, mtoke na moja. Kama hamna jina kabisa, semeni hivyo, tumtazame Højlund msimu huu kwa roho safi badala ya kumtazama kama mtu anayeshikilia nafasi ya mgeni. Kuhusu kiungo sitasema kitu, Casemiro bado yupo na mimi bado nina kumbukumbu.

Dirisha mwaka huu linafungwa 1 Septemba saa 1 jioni kwenu, saa 3 usiku kwetu. Zamani lilifungwa saa 7 usiku, tukawa tunakesha na ninyi. Msitukeshe tena. Majibu ya barua hii sihitaji myaandike. Nitayasoma Jumapili ya 17 Agosti kwenye orodha ya kikosi kitakachoanza na Arsenal.

Ni mimi,
Shabiki wenu wa Temeke.